Dakika Kumi na Moja

Nilimtangulia kwa dakika kumi na moja,
Kisumu, hospitali ya Russia, usiku wa mvua.
Ndiyo maana mimi ni Apiyo, wa upesi,
na yeye Adongo, aliyebaki nyuma.
Mkunga alinipangusa, akanifunga leso,
akamgeukia mwenzangu, akanyamaza.
Mguu wa kulia ulikuwa umeishia gotini
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.

Tangu usiku huo sijamtangulia tena.

Mama alifua taulo za hoteli kule Milimani.
Jumatatu, wageni wakiwa wachache,
tuliruhusiwa kukaa kwenye kivuli cha pampu,
tusiguse kitu.
Adongo aligusa.
Alivua mguu wake wa kwanza, wa mbao na ngozi,
uliochongwa Kibuye na fundi wa viti,
akaniambia, Shika,
akaingia majini kama mtu anayerudi kwao.

Shika.
Nimelisikia neno hilo miaka kumi na tisa.

Nimeushika Nakuru, kwenye bwawa la shule
lenye baridi ya kung'oa meno,
msimamizi akiniuliza, "Mwenye mguu yuko wapi?"
Nikamwonyesha maji.
Nimeushika huku wanaume watatu
wakimpima kigutu kwa futi ya fundi cherehani,
wakibishana, daraja la nane, la tisa,
naye amelala chali, anahesabu mbao za dari.
Nimeutazama ukipita peke yake kwenye mashine ya uwanja wa ndege,
kati ya mikoba na mishipi ya watu,
askari akitaka kujua kama kuna kitu ndani.
Nikamwambia kipo.
Hakucheka.

Mwalimu Shitandi hakuwa na saa ya kupimia.
Alihesabu kwa sauti, akikimbia ukingoni na kandambili,
Kiswahili kikimwishia, anamalizia kwa Kiisukha.
Mwili wa Adongo ulipenda kwenda kombo,
kila teke la kushoto likimpeleka ukutani,
mpaka bega likajifunza kufanya kazi ya goti.
"Usilipie mguu usiokuwa nao!" alifoka mwalimu.
"Maji hayakudai!"

Medali zimo ndani ya mkebe wa biskuti
chini ya kitanda cha Mama, pamoja na risiti za maji na hati ya shamba.
Tatu za dhahabu.
Moja ya fedha, ndiyo anayoipenda,
kwa kuwa siku hiyo, asema, hakuna alichobakiza.

Kuna mwaka tikiti yake ilipotelea
mezani kwa mtu fulani, Nairobi.
Usiku wa fainali, huko ng'ambo wenzake wakipanda vijukwaa,
aliogelea pale pale hotelini, taa zimezimwa,
mita mia moja, vyura wakiwa mashabiki,
mimi nikimpigia saa kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Sitautaja muda ule.
Tunaujua sisi wawili na mlinzi.

Watu huniuliza, na wewe pacha, je, waogelea?
Mimi naogopa hata maji ya beseni.
Kazi yangu ni kuketi.
Kazi yangu ni kupiga rangi viatu viwili,
kimoja soli imelika upande,
kingine kipya daima, namba thelathini na nane,
kipya kama uongo.

Bega lilikataa mwezi wa Machi.
Mbio za mwisho zilikuwa hapa hapa nyumbani,
na wasichana aliowafundisha kupuliza mapovu
walimpita mmoja baada ya mwingine.
Wa sita.
Akaning'inia ukingoni, macho mekundu kwa dawa ya maji,
au tuseme ni dawa ya maji.
Nikamnyoshea mguu.
"Bado," akasema. "Shika kidogo."

Nikakaa. Sikutazama saa.
Jua liliupasha ule mguu mapajani mwangu
mpaka ukawa na joto la mtu.